Igizo Letu la Mkonge: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tukitangaza usaili, simu ya katibu haipumziki, na maswali ni yale yale. Tumeyakusanya hapa, tukianza na ya mtu asiyetujua kabisa na kumalizia na ya wale ambao tayari wako ndani na wamekwama. Sisi ni kikundi cha ridhaa cha hapa Tanga mjini: mafundi cherehani, walimu, wauza samaki, dereva wa bodaboda, wastaafu wawili wa bandari. Ukisoma yote na bado una lako, karibu mazoezini Ngamiani. Ila anayekuja kuuliza steringi ni nani atarudishwa swali la 3.

## Mambo ya mwanzo

1. Igizo la muziki ni kitu gani? Ni taarabu, ni kwaya, ni ngoma?

Ni mchezo wa kuigiza ambao sehemu kubwa ya hadithi yake inakwenda kwa nyimbo na kucheza. Kwenye taarabu, wimbo ukiisha umeisha, na unaofuata haudaiwi chochote na uliopita. Kwenye igizo la muziki, ukiutoa wimbo mmoja hadithi inakatika, kwa sababu ndani ya wimbo ule mtu alikuwa ameamua jambo, au ametapeliwa, au amevuka mto.

Wazee wanaokumbuka vikundi vya sanaa vya miaka ya 1980, kama Muungano Cultural Troupe, watatuelewa haraka. Usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, kisha taarabu hadi usiku mkubwa. Vitu vilikuwa vyote, ila kila kimoja kilisimama peke yake. Sisi tunavifunga kwenye hadithi moja.

2. Hadithi inahusu nini?

Kambi moja ya mkonge, upande huu wa Tanga, mwishoni mwa miaka ya 1940. Mkonge haukuwa mmea wa hapa. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Mwaka huo huo ndipo ujenzi wa reli ulipoanza hapa Tanga, na mashamba yakaifuata reli kuelekea Muheza, Korogwe na mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa tani 200,000 na zaidi kwa mwaka, ikiongoza dunia.

Waliokata mkonge huo wengi hawakuwa wenyeji. Walikuwa manamba, watu walioandikishwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Njombe, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha, SILABU. Ukifika unapewa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku zako za kazi, na kipande kinataka siku 30 za kazi zilizokamilika kabla ya mshahara. Siku ambayo nyapara hakuridhika na mafungu yako haihesabiwi. Igizo letu linaanza lori linapofika kambini na linaishia siku kipande kimoja kinapojaa. Kambi haina jina na watu ni wa kubuni.

3. Steringi ni nani?

Hakuna. Hili ndilo swali linaloongoza, na jibu halibadiliki hata ukiuliza kwa ujanja (“basi nani ana maneno mengi?”).

Waigizaji wote wanaingia jukwaani kwenye wimbo wa kwanza na hawatoki hadi taa zizimwe. Kila mmoja ana ubeti wake au kisa chake kifupi, kisha anarudi kundini na kuwa sehemu ya lori, foleni ya posho, mashine ya kusaga majani, au usingizi wa bweni. Hata mbaya wetu hana mtu maalumu. Nyapara ni kofia. Inapita kichwa hadi kichwa, na anayeivaa anabadilika sauti na mwendo mbele ya macho yako, akiivua anarudi kuwa mkata mkonge. Eneo hilo ndilo linalozungumzwa zaidi watu wakitoka ukumbini, na halingewezekana tungekuwa na steringi.

Tulichagua hivi kwa sababu ya hadithi kwanza. Kambini mtu aliitwa kwa namba yake; ukimtoa mmoja ukampa jina, mapenzi na ushindi, waliobaki umewafanya mapambo. Sababu ya pili ni ya kikundi. Kikundi cha ridhaa kikiegemea sauti ya mtu mmoja, siku mtu huyo akipata kazi Dar es Salaam onyesho limekufa.

Usidhani ni nafuu, lakini. Igizo lenye steringi linakuruhusu ujifiche nyuma yake. Hapa mwenzako akiimba habari za mtoto aliyemwacha kwao na wewe unajikuna shingo, ukumbi mzima unakuona. Watu hushika nyimbo mapema. Kinachowachukua muda ni kusikiliza jukwaani kwa mwili wote bila kusema neno.

4. Kwa nini msicheze lile igizo maarufu la nje tuliloliona kwenye filamu?

Kwa sababu lina wenyewe. Kulicheza jukwaani kunahitaji leseni ya mwenye haki au wakala wake, na ada yake ni ya fedha za kigeni. Leseni ya kupiga muziki ukumbini, ile wanayolipia wenye baa na hoteli, haihusiki hapa. Kulitafsiri kwa Kiswahili ni ruhusa nyingine, na kwa kawaida mkataba hauruhusu ukate au ubadilishe chochote bila kibali. Wapo wanaosema, “Nani atajua, tuko Tanga?” Video moja ya simu inatosha (swali la 24).

5. Nyimbo ni za nani, basi?

Maneno na tuni vimetungwa na wanakikundi. Mshipa mkuu ni taarabu ya hapa hapa, ile ya Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoipa taarabu gitaa na besi na mwendo wa kuchezeka. Juu yake tumeweka midundo ya watu walioshushwa na lori.

Hatuchukui tuni ya wimbo wa mtu tukaubandikia maneno yetu, ingawa mitaani ni jambo la kila siku. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hata ngoma za asili zimetajwa humo: ukizitumia kwa faida, nje ya mazingira yake ya jadi, unatakiwa idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA. Kwa hiyo tukisema mdundo fulani “umetoka” Kigoma, maana yake tumejifunza mwendo wake na kutunga wetu.

## Kujiunga

6. Sijawahi kuigiza maishani. Nije?

Njoo.

7. Sina sauti. Shuleni walinitoa kwenye kwaya.

Njoo vile vile. Nyimbo nyingi ni za kundi na kuitikia, na sauti isiyo tamu ikishika mapigo ina thamani kuliko tamu inayokimbia. Kama kweli tuni inakukataa, kuna nafasi za kunena juu ya ngoma, na kuna kazi za nyuma ya jukwaa ambazo kila mwaka zinakosa watu: maleba, taa, mlangoni, kumshikia mswada anayesahau.

8. Usaili unafanywaje? Niandae wimbo?

Usiandae chochote. Tunawaita watu wanane wanane, tunawafundisha ubeti mmoja na hatua chache, kisha mnaurudia mara kadhaa mkibadilishana nafasi. Hatumsimamishi mtu peke yake katikati ya chumba, kwa sababu onyesho lenyewe halina mahali pa mtu kusimama hivyo.

Tunachoangalia ni nani anampisha mwenzake, nani akipotea anarudi bila kusimama kuomba radhi, nani anajifunza kutoka kwa jirani. Tumewahi kuwaacha waimbaji hodari kabisa kwa sababu kila walipopewa nusu hatua waliisogeza ikawa mbele ya wote.

9. Nina sauti nzuri mno, kila mtu ananiambia. Nitapewa nyimbo ngapi?

Sawa na mwenzako.

10. Mnalipa? Kuna ada?

Hatulipi na hatutozi ada. Anayetoka mbali, Pongwe au Tongoni, tunamchangia nauli mapato yakiruhusu. Chai ya mazoezini ni zamu. Baada ya maonyesho hesabu inasomwa mbele ya wote, kuanzia kodi ya ukumbi hadi betri za tochi, na kilichobaki kinaingia mfuko wa igizo linalofuata. Anayetafuta riziki katika sanaa asome swali la 28.

11. Kuna kikomo cha umri?

Cha chini ni miaka 16, na aliye chini ya miaka 18 aje na mzazi siku ya kwanza. Mwanafunzi wa kidato cha nne hatumchukui mwaka wa mtihani, hata akilia. Cha juu hakipo. Mwenzetu mkubwa kuliko wote ana wajukuu wanaoweza kuwa waigizaji, na ndiye anayekuja mapema.

12. Mume wangu (au baba) anaona maigizo ni uhuni. Mnaweza kuzungumza naye?

Tunaweza. Mwenyekiti na mama mmoja wa makamo katika kikundi watakwenda nyumbani kwa hodi, si kwa simu, na watamwalika aje akae nyuma mazoezini siku yoyote bila taarifa. Wengi wakija mara moja hawaji tena, wameridhika au wamechoshwa na kusikia ubeti ule ule. Wengine wameishia kubeba majukwaa. Kwa habari ya kushikana jukwaani, ambalo ndilo hasa linalowasumbua, tazama swali la 17.

## Mazoezini

13. Ni lini na wapi?

Jumatatu na Jumatano kuanzia saa kumi na nusu jioni, na Jumapili alasiri watu wa kanisani wakishatoka ibadani. Tunafunga kwa adhana ya Magharibi. Ijumaa hatukutani. Mahali ni Ngamiani; ukipita kwa katibu atakuelekeza barabara na nyumba, maana ukumbi wa mazoezi hubadilika kila mwenye nyumba akipata harusi.

14. Sisomi noti. Nitashikaje sauti yangu?

Kikundi kina watu waliolelewa kwenye kwaya, wanaosoma solfa, na watu waliolelewa madrasa, walioshika kaswida kwa sikio. Tunawatumia wote. Watu wa kwaya wanausoma wimbo polepole, sauti ya kwanza hadi ya nne. Watu wa kaswida wanasikiliza, wanarudia, na kwa kawaida wao ndio wa kwanza kuwa nao kichwani huku wasomaji bado wameng'ang'ania karatasi. Hapo ndipo tunapozikusanya karatasi.

Kila sauti pia inarekodiwa peke yake kwa simu na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Isikilize ukiosha vyombo au ukiendesha baiskeli kwenda kazini. Usiimbe sauti ya mwenzako hata kama unaiona tamu zaidi.

15. Nikikosa mazoezi itakuwaje? Na hao “mbadala” ni akina nani?

Kwenye igizo la kawaida mtu akikosa, eneo lake linarukwa. Kwetu hakuna eneo lake. Kwenye wimbo wa bohari, watu sita wanapokezana robota la mkonge kwa mapigo. Mmoja akikosekana, robota linakwenda chini na wimbo nao. Ndiyo maana tunataka taarifa mapema, hata kwa ujumbe wa maneno matatu.

Mbadala ni waigizaji wanaojifunza nafasi za watu wengi, kila mmoja sita au saba. Wana daftari lenye mchoro wa jukwaa kwa kila wimbo: namba fulani yuko wapi, anapokea nini kutoka kwa nani, anatoka mguu gani. Siku zisizo na pengo, mbadala wako jukwaani kundini kama wengine. Watu huona ni cheo cha chini, na sisi tunaona ndiyo kazi ngumu kuliko zote, hatumpi mgeni.

Ukikosa mara nyingi bila neno, nafasi yako inachukuliwa na mbadala moja kwa moja. Hatugombi. Utakuta tu daftari limeandikwa upya. Harusi ya ndugu tunaielewa ukisema mapema, na msiba hauhitaji ruhusa ya mtu (swali la 27).

16. Ramadhani je? Na Kwaresima?

Mwezi wa Ramadhani hatuimbi wala hatuchezi. Kalenda ya mwezi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba nzima tunaipanga upya kila msimu. Kwaresima mazoezi yanaendelea, ila Juma Kuu hatuweki onyesho.

17. Kuna kushikana mwanamume na mwanamke?

Hakuna eneo linalolazimu. Mume na mke wanaagana wakiwa wameshika ncha mbili za kanga moja. Lori linapoondoka, kanga inavutika hadi mmoja anaiachia. Ilianza kwa sababu ya heshima ya nyumbani kwa watu wetu, na sasa hakuna anayetaka kuibadilisha hata tungeruhusiwa. Kwenye kubeba na kusukumana, makundi yamepangwa wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Ukiwa na mpaka wako mwingine, mwambie mwongozaji faragha.

## Jukwaani

18. Maleba yanatoka wapi? Ninunue?

Usinunue. Tunatumia kaniki, magunia, mashati ya kaki yaliyopauka, na namba iliyoshonwa kifuani. Viatu hakuna.

Tahadhari moja kwa wanaotuazima kanga: tunasoma jina la kanga kabla ya kuipokea, na wewe usichukie. Hadhira ya Tanga inasoma kila jina linalopita mbele yake. Mwigizaji akisimama kulia mwanawe huku mgongoni pameandikwa kijembe cha mke mwenza, safu tatu za mbele hazisikii tena wimbo. Kanga zenye picha za simu na maua ya kisasa nazo haziingii kambi ya miaka ya 1940.

19. Mnatumia mkonge wa kweli?

Majani hapana. Ncha yake ni mwiba mgumu unaoweza kutoboa jicho, na maji yake yanawasha ngozi. Majani yetu ni maboksi yaliyopakwa rangi. Katani iliyokauka tunaitumia, ya kutosha kujaza robota juu juu, ndani ni magunia matupu. Inashika moto upesi, kwa hiyo nyuma ya jukwaa hakuna mshumaa, hakuna sigara, na hakuna chetezo hata anayekileta awe na nia njema ya kutufukizia udi.

20. Mnaimba laivu au pleibeki?

Laivu. Kundi likiimba juu ya sauti iliyorekodiwa, mbadala hawezi kuingia, mapigo hayawezi kumsubiri aliyejikwaa, na watu wanaona midomo.

Vyombo ni kinanda, gitaa, besi, ngoma mbili na kayamba. Udi tunautamani, mpigaji hatuna. Hatumvishi kila mtu maiki. Tunaweka chache ukingoni mwa jukwaa na tunawaomba wapigaji washuke, ombi ambalo mpiga besi hulipokea kwa uso wa mtu aliyenyimwa chakula. Fundi mitambo anayejua sherehe tu atataka kupandisha kila kitu; mkalishe mazoezini kwanza aelewe kwamba hapa maneno ndiyo mali.

21. Umeme ukikatika katikati?

Usisimame. Ngoma hazihitaji umeme, na mpiga ngoma ndiye mwenye amri gizani: anashika mapigo, kundi linarudia kiitikio, na watu wa mlangoni wanawasha taa za chaji zilizopangwa kando ya jukwaa. Jenereta ikikubali tunaendelea tulipofika. Ikikataa, tunamaliza hivyo hivyo, gitaa na kinanda vikikaa kimya. Mazoezi ya mwisho kabla ya onyesho tunafanya eneo moja zima bila umeme kwa makusudi, na hatusemi ni lipi.

## Kwa watazamaji

22. Tiketi ni kiasi gani, na mnaanza saa ngapi kweli?

Shilingi 5,000 mkubwa, 2,000 mtoto. Tunaanza saa mbili na nusu usiku, watu wakishaswali Isha, na ni saa mbili na nusu hiyo hiyo. Waigizaji wanaingia kupitia mlango wenu, wamejibana kama walio kwenye lori, kwa hiyo mlango unafungwa na aliyechelewa anasubiri wimbo wa pili. Kuna mapumziko mamoja, na kahawa na kashata vinauzwa nje. Watoto wadogo wanaruhusiwa. Yupo anayepigwa katika hadithi, haonekani, anasikika.

23. Nikiguswa na wimbo, naruhusiwa kupanda kutunza?

Igizo likiendelea, hapana. Tunajua tunakataza nini. Katika mji uliokulia kwenye taarabu, kukaa kitini wakati mtu anakuimbia moyo wako ni kama kumnyima salamu. Tulijaribu kuliachia, na tukaona linavyokwenda.

Mkata mkonge hajala siku mbili, anaimba kuomba posho, na mama mmoja anapanda anambandika noti ya 10,000 kwenye paji la uso. Ukumbi unacheka, njaa imekwisha. Usiku mwingine mtu alisubiri ubeti unaomsema nyapara mla haki, akainuka na noti, akapita polepole mbele ya jirani yake waliyegombana naye ndipo akapanda. Kila aliyewajua aliangalia ugomvi ule, na hadithi ya kambi ikasahaulika. Zaidi ya hayo, noti zinamtengeneza steringi. Anayetunzwa leo, kesho anaanza kuurefusha ubeti wake.

Basi tumeliwekea mahali pake. Baada ya wimbo wa mwisho bendi inapiga wimbo wa kuaga, mrefu kwa makusudi, na kundi zima linasimama mstari mmoja. Hapo panda, cheza, tunza, rusha. Fedha zinaingia kikapu kimoja, na mwenye kukushukuru ni kundi zima. Ukitaka kumtunza mtu wako peke yake, mngoje nje.

24. Naweza kurekodi video?

Wimbo wa kuaga, ndiyo, na uweke unapotaka. Igizo lenyewe, hapana. Mwanga wa simu unaonekana jukwaani, na baadhi ya waigizaji wetu wamekubaliana na familia zao kucheza mbele ya waliomo ukumbini tu. Tunatoa picha rasmi asubuhi yake.

## Yasiyo ya kila siku

25. Tunataka kuanzisha kikundi kama hiki. Vibali vipi vinahitajika?

Kikundi kinasajiliwa BASATA, na mlango wa kuanzia ni afisa utamaduni wa halmashauri yenu. Atawaambia pia kibali cha onyesho kinaombwaje. Michezo ya kuigiza jukwaani imo kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kwa hiyo muulizeni kuhusu Bodi ya Filamu pia, hata kama hamtarekodi chochote. Anzeni kabla ya kuchapisha tiketi. Mjumbe wa mtaa na polisi wa eneo wajulishwe usiku wenu, na hilo lifanywe na mtu mzima mwenye subira.

26. Babu yangu alikuwa namba. Kwa nini mnawafanya watu wale kuwa burudani?

Swali hili limekuja zaidi ya mara moja, mara nyingine kwa hasira, na wanaouliza wana haki. Tanga na wilaya zake zimejaa wajukuu wa watu waliokuja kwa mkataba wakabaki, na wengi walikua wakitaniwa kwa asili hiyo.

Tuna kanuni tusiyoivunja: hakuna lafudhi ya kuchekesha. Vichekesho vyetu vya miaka yote vimejilisha kwa kumfanya Mmakonde au Muha azungumze Kiswahili kibovu, na mwigizaji mpya akipewa nafasi ya mtu wa bara ndicho kitu cha kwanza anachokitoa mfukoni. Tunamwambia akirudishe. Kicheko kipo katika igizo, na kinatoka kwenye hesabu za kipande: siku 27 alizofanya mtu zinavyogeuka kuwa 19 mdomoni mwa kofia ile.

Kabla ya onyesho la kwanza tunawaalika mazoezini wazee waliofanya kazi mashambani au waliozaliwa kambini. Mmoja alitusimamisha kwenye wimbo wa alfajiri akasema hakuna aliyeamka akiimba, watu waliamka kimya na kuimba kulikuja jua likishapanda. Wimbo ule sasa unaanza kwa kimya kirefu kinachowatia watazamaji wasiwasi. Kama una babu au bibi wa namna hiyo, mlete. Kiti chake hakilipiwi.

27. Msiba ukitokea wiki ya onyesho?

Mwenye msiba anakwenda, mbadala anaingia, na kundi linafika maziko mchana kabla ya kufungua mlango usiku. Tukifiwa na mwanakikundi, tunaahirisha, tiketi inabaki halali au fedha inarudi. Kukiwa na msiba nyumba iliyo jirani na ukumbi, tunaahirisha pia, hata marehemu hatumjui. Kuna mwenye ukumbi aliyetukatalia marejesho ya kodi kwa sababu hiyo. Siku hizi sharti hilo linaandikwa kwenye makubaliano kabla ya malipo.

Mbadala wawili wakihitajika kwa nafasi moja kwa usiku mmoja (imewahi kutokea, homa ilizunguka), mwongozaji anavaa namba.

28. Nataka sanaa iwe kazi yangu. Mtanisaidia?

Tutakupa mazoea ya jukwaa na barua ya utambulisho. Mafunzo yenyewe katafute Bagamoyo, kwenye TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Kabla ya kuamua, nenda kwenye tamasha lao la kila mwaka ukaone vikundi vingine vinafanya nini. Linaendeshwa tangu 1982. Ukichaguliwa, tutaagana vizuri, na namba yako itavaliwa na mwingine wiki hiyo hiyo.

29. Shule yetu inaweza kulicheza igizo hili?

Inaweza, bila malipo, ikiwa hamtozi kiingilio. Mkitoza, tuandikiane kwanza. Wasichana wanaweza kucheza nafasi za wanaume na kinyume chake, kwa kuwa nafasi ni namba. Mnaweza kupunguza watu hadi kumi na wawili; chini ya hapo wimbo wa bohari hauchezeki, na ni afadhali mtuombe tuwakatie mswada kuliko mjikatie. Msiongeze shujaa. Solfa za nyimbo zote zipo, na rekodi za kila sauti tutawatumia. Mwalimu alete barua yenye muhuri wa shule, idadi ya wanafunzi na tarehe ya onyesho, Jumatano kabla mazoezi hayajaanza. Nakala inatolewa steshenari ya jirani, kwa gharama yenu.